Mashina Manane

Tecla alipokuwa mnene, Kapsoit nzima ilimjua kwa mlango wake. Mlango wa Shibe Hoteli ulikuwa wa mbao mbili, na wateja wote walipita penye ubao mmoja, isipokuwa mwenyewe. Yeye hakuingia mpaka afungue zote mbili. Watu walioketi kwenye mabenchi wakisikia bawaba ya pili inalia, wanajua mwenye sufuria amefika, wanaanza utani. Naye hakuwa mtu wa kunyamaza. "Chekeni tu," anawaambia, akijifuta jasho kwa leso. "Mpishi mwembamba mtamwaminije? Chakula chake hata yeye mwenyewe kimemshinda!" Wanacheka, wanaagiza chapati nyingine.

Maneno hayo alikuja kuyajutia, lakini tusiruke mambo.

Unene ule ulikuwa wa kuchekesha mbele za watu tu. Mizani ya zahanati iliishia kilo mia na ishirini, na mshale wake uligonga mwisho ukakaa hapo. Tecla alikuwa na ugonjwa wa sukari, akijidunga sindano asubuhi na jioni, na vidole vya miguu vilikuwa vimeanza kufa ganzi. Jumapili moja ya Pasaka alipiga magoti kanisani pamoja na wengine. Wengine wakainuka, yeye akabaki chini. Wazee watatu wa kanisa walikuja kumwinua, na kwaya, kwa huruma yao, ikarudia ubeti uleule mara nne mpaka akasimama. Alicheka pamoja na watu wote, akawashukuru wazee, kisha akaenda nyuma ya kanisa akalia hadi ibada ikaisha.

Ndipo mdogo wake Edinah, aliyekuwa nesi huko Ubelgiji, akamwandikia barua: njoo. Akaenda, mwaka wa tisini na sita, akakaa miezi minne. Huko madaktari walimpasua, wakaufunga mfuko wa tumbo kwa mkanda mdogo wa mpira, pale juu chakula kinapoingilia, kama unavyofunga gunia karibu na mdomo, ili mtu ashibe kwa vijiko vinne. Mkanda wenyewe ulikuwa wa ile aina isiyolegezwa wala kukazwa. Ama unakaa, ama unatolewa.

Na hapa ndipo Tecla alipokosea, wala mimi sitamtetea. Yeye na Edinah walikubaliana kwamba hakuna atakayeambiwa. Watu wakiuliza, ametibiwa magoti. Hebu fikiria: utamwelezaje mtu wa Kapsoit kwamba ulipanda ndege, ukavuka bahari, ukaenda kufungwa tumbo ili usile? Na wewe ni mtu wa hoteli! Wangemcheka mpaka Kericho mjini. Basi akarudi na mshono tumboni na uongo mdogo mdomoni, na uongo mdogo, ndugu yangu, haukai mdogo.

Mwaka wa kwanza ulikuwa wa raha tupu. Kilo zilishuka. Sukari ilishuka, na daktari akamwambia aache sindano. Tecla aliweza kupanda kile kilima cha nyumbani kwao, juu ya Kapkatet, kutoka barabarani mpaka kwa mama yake bila kusimama hata mara moja, na siku ya kwanza alipofanya hivyo alifika mlangoni akishangilia peke yake kama aliyeshinda mbio. Pale hotelini alianza kuingia kwa ubao mmoja. Wateja walipiga makofi. "Ulaya imekupenda!" wakasema.

Lakini kilo hazikujua pa kusimama. Kufikia mwaka wa tisini na nane mifupa ya shingo ilikuwa nje, mashavu yameingia ndani, na nguo zilining'inia. Akisahau akameza tonge kubwa, linakwama, anakimbilia nyuma ya jiko kutapika, na kuta za mabati hazifichi sauti. Sasa, mwaka ule, nani alikonda kwa heri? Kila boma lilikuwa na kaburi jipya. Maseremala walikuwa wanapanga majeneza nje kama wanavyopanga stuli. Mtu akikonda na kutapika, watu hawaulizi. Walisema Tecla amekanyaga waya, kwamba ana ukimwi.

Lisemwalo lipo, walisema, na kama halipo laja. Mteja mmoja akahamia hoteli ya ng'ambo ya barabara, mwingine akamfuata. Mzee mmoja aliyempenda sana aliendelea kuja, lakini akija na kikombe chake mwenyewe ndani ya mfuko wa koti. Adoyo, aliyeuza samaki kibanda cha pili, ndiye pekee aliyethubutu kumwambia usoni. "Dada, sema tu tukuombee. Mficha maradhi, kilio humfichua." Tecla akamwambia si hivyo, ni mambo ya tumbo. Adoyo akatikisa kichwa kwa huruma, na huruma ile ilimuuma Tecla kuliko matusi.

Hata hivyo Kapsoit angeivumilia. Kapsoit ingekula kwingine, naye angefunga hoteli atafute kazi nyingine. Kilichomvunja moyo ni mama yake.

Mama huyo aliitwa Bot Kipkurui, yaani mama yake Kipkurui, maana ndivyo wanawake wa huko wanavyoitwa, kwa jina la mtoto. Kipkurui mwenyewe alikuwa ameshakufa, lakini jina lilibaki kwa mama. Alikufa mwaka wa tisini na tano. Miaka mitatu kabla yake alikuwa amekufa kaka yao mkubwa, Isaiah. Wote wawili walirudi nyumbani kutoka kazini wakiwa wamekonda, wote wawili wakitapika, na wote wawili walimwambia mama yao ni vidonda vya tumbo. Wakazikwa pembeni mwa shamba la chai, ubavu kwa ubavu, mahali ambapo mama akitoka kwenda kukamua ng'ombe lazima apaone.

Tecla hakuwa na mtoto. Aliolewa na mtu aitwaye Kipyegon, wakaachana, ng'ombe wa mahari wakarudishwa, na yeye akarudi kuwa wa kwao. Kwa hiyo kila Jumapili baada ya kanisa alipanda kilima kwenda kula na mama yake, na mama alimpikia kimnyet, ugali wa wimbi mweusi uliosongwa ukakaza, na mboga za managu, na mursik, maziwa ya mgando ya kibuyu. Kila mtoto wa nyumba ile alikuwa na kibuyu chake, kilichosuguliwa kwa mkaa wa mti wa senetwet tangu utotoni. Vya wale wawili vilining'inia ukutani vimepinduliwa, havijazwi tena. Cha Tecla kilikuwa kinangoja mezani.

Na Tecla, maskini, alikuwa anamdanganya. Alimega tonge dogo kama punje, akalitafuna mpaka likawa uji. Mama akigeuka kuchochea moto, tonge jingine linaingia ndani ya leso, na baadaye linamfikia mbwa. Alidhani mama haoni. Mwanamke aliyekaa kando ya vitanda viwili vya watoto wake akihesabu vijiko, eti haoni! Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na huyu alikuwa ameumwa mara mbili.

Jumapili moja ya Mei, mvua za masika zikiwa zimekolea na chai inachipuka mpaka inashinda mikono, Tecla alipitia njia ya nyuma akamkuta Mokaya kando ya makaburi. Mokaya alikuwa Mkisii aliyechuma chai ya mama yake kwa miaka kumi na mbili na kulala kwenye kijumba cha pale pale bomani, mtu mpole, mwenye vidole vyeusi kwa utomvu wa majani. Siku hiyo hakuwa na kikapu. Alikuwa na jembe. Pembeni yake palikuwa na mashina ya chai yaliyong'olewa, mizizi juu, udongo mwekundu bado umelowa. Tecla akayahesabu. Manane.

Wewe usiyelima chai huenda usielewe. Shina la chai halichezewi. Baba yao aliyapanda yale kwa mikono yake mwaka wa sitini na tano, na shina lililotunzwa linaweza kumzika aliyelipanda, na mwanawe, na mjukuu. Hukatwa likipita kimo, likachipuka upya. Kuling'oa ni kazi ya siku nzima, na watu hawaling'oi.

"Mokaya, umechanganyikiwa? Nani amekwambia ung'oe?"

"Ni Kogo," Mokaya akajibu, akimwita mama mzee kwa heshima kama walivyomwita wote, yaani nyanya. Hakuinua macho. "Nilimwambia, Kogo, haya bado yanazaa vizuri. Akaniambia nafasi haitoshi."

"Nafasi ya nini?"

Mokaya akakwangua udongo kwenye jembe kwa kidole. Akakwangua tena pale palipokuwa pameshakuwa safi.

"Nafasi ya nini, Mokaya?"

"Dada Tecla, usiniulize mimi. Mimi ni mfanyakazi tu."

Tecla akatazama. Kaburi la Isaiah, kaburi la Kipkurui, halafu ile ardhi nyekundu iliyo wazi, upana wa mtu aliyelala. Alikaa chini kwenye majani yaliyolowa, na kwa mara ya kwanza alijiona kama mama yake alivyomwona. Mama yake alikuwa anamzika kila Jumapili, akimwandalia na mursik.

Alipoinuka alienda moja kwa moja jikoni. Mama alikuwa kwenye kigoda, miguu imevimba imejaa ndani ya raba, maana moyo wake ulikuwa umechoka. Madaktari wa Kapkatet walikuwa wameshamwambia Tecla asihesabu misimu mingi.

"Mama, nimeona kule nyuma."

"Eh." Mama hakushtuka. "Nilitaka uwe karibu na ndugu zako. Kwa Kipyegon hawatakupokea."

"Mama, mimi siumwi!"

"Sawa, Chepchirchir." Mama alimwita kwa jina la kuzaliwa, jina la mtoto aliyekuja haraka, kama alivyomwita alipokuwa na homa utotoni.

Basi Tecla akasema yote. Alisema yote kwa mkupuo, bila kupumua: ndege, Edinah, daktari, mkanda, uongo wa magoti. Akafungua vifungo vya blauzi akamwonyesha mshono, mrefu, kutoka chini ya kifua mpaka karibu na kitovu. Akaushika mkono wa mama akauweka pale. "Hapa ndani, mama. Kuna mpira. Ndio unaonizuia kula. Si ugonjwa."

Mama akaupapasa mshono kwa kidole gumba, taratibu, juu mpaka chini. Machozi yakamlengalenga.

"Kwa hiyo walikufungua," akasema. "Wakaona, wakakushona. Walifanya hivyo hata kwa marehemu mjomba wako."

"Hapana, mama! Muulize Edinah!"

"Edinah ndiye aliyenipigia simu akaniambia Kipkurui ana vidonda vya tumbo tu. Akaniambia atapona. Simlaumu. Alitaka nilale usingizi."

"Nimepimwa. Nina karatasi, nitakuletea."

"Kipkurui pia alikuwa na karatasi." Mama akamfunga vifungo vya blauzi, kimoja kimoja, kama mtoto wa kwenda shule. "Nyinyi watoto wangu ni wazuri sana. Hakuna hata mmoja aliyetaka kuniumiza. Kila mmoja amekuja na hadithi yake. Yako ndiyo nzuri kuliko zote."

Tecla alitaka kupiga kelele. Ukweli wenyewe, huu alioutoa sasa kwa uchungu, ulikuwa umefika umechelewa, na umevaa nguo zilezile za uongo wa ndugu zake. Nani angemlaumu mama? Kama angesema mwanzoni, siku ile aliyorudi na kilo zake zote, mama angecheka, angemgombeza, angemwita mjinga, na ingekwisha.

"Mbona hujapakua chakula chako?" Tecla akauliza, alipoona sahani ni moja.

"Mimi siku hizi hakipiti. Nitamezaje na wewe humezi?" Mama akageukia moto. "Nimemwomba Mungu kitu kimoja tu. Hao wawili nilimwachia, sikugombana naye. Safari hii nimemwambia, mimi nitangulie."

Tecla alishuka kilima siku hiyo akilia waziwazi, watu wanaotoka kanisani wanampisha njia. Walijua, au walidhani wanajua. Alikuwa na swali moja kichwani, nalo halikumwacha wiki nzima, akikanda unga, akipangusa meza ambazo hakuna aliyezichafua. Kitu gani kitamwaminisha mama? Si karatasi, si mshono, si maneno. Mama aliamini sahani tu. Mtoto anayekula ni mzima, asiyekula anakufa, na kwa maisha yote ya mama sheria hiyo haikuwahi kumdanganya.

Jumatatu iliyofuata alikuwa mbele ya Daktari Onyancha, daktari wa upasuaji kwenye hospitali moja ya misheni. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alisoma barua ya Ubelgiji, akapiga picha, akampima damu.

"Umekonda mno, hilo ni kweli," akasema. "Lakini kuna namna ya kula na mkanda huu. Nitakufundisha, na utaongeza kilo kidogo. Sukari yako imekaa sawa kabisa. Nikiutoa, itarudi. Unene nao utarudi. Miguu yako ile, naona imeandikwa hapa kwamba ilikuwa inakufa ganzi. Unataka nitoe kitu kinachokufaa?"

"Nataka utoe."

"Kwa nini?"

"Mama yangu anakufa akiamini ananiacha kwenye ule ugonjwa. Amenitayarishia kaburi. Nataka anione nikila ugali mzima kabla hajaenda."

Daktari akavua miwani. "Tecla, mama yako hayumo kwenye faili hii."

"Yumo, daktari. Ni vile tu hamkumwandika."

"Ukingoja kidogo... Samahani kwa kusema hivi. Mama ni mzee, moyo wake umechoka. Ukingoja, hutahitaji kujiharibu."

"Nikingoja afe ndipo nitoe, nitakuwa namtolea nani?" Kisha akasema lile lililokuwa linamtafuna, na sauti yake ikapasuka. "Unadhani naupenda unene? Mimi niliinuliwa kanisani na wanaume watatu! Nimetembea juu ya miguu hii miaka miwili, kila asubuhi namshukuru Mungu. Najua ninachotupa. Nipe nitie sahihi kabla sijaogopa."

Akatia sahihi. Aliogopa hata hivyo. Asubuhi ya upasuaji alizunguka ua wa hospitali kwa miguu mara saba, haraka haraka, akiihisi miguu inavyomtii, akiiaga. Hakuna aliyemwona isipokuwa mwanamke aliyekuwa akianika shuka, naye akadhani ni mgonjwa wa akili.

Upasuaji ulienda salama. Alilala hospitalini siku kumi, akapewa uji, kisha wali, kisha siku moja kipande cha mkate, na mkate ukapita. Ukapita tu, kama kwa mtu yeyote! Tecla akaangalia huku na huku, akala kingine. Wakati wa kumruhusu, daktari akampa mkanda ndani ya chupa ndogo iliyokuwa ya dawa, mduara mweupe wa mpira, mdogo hata kwa mkono wa mtoto. Akauweka ndani ya kifuko chake karibu na Biblia. Huu sasa ni ushahidi, akajiambia. Huu hata mama ataushika.

Jumapili ya kwanza alipoweza kutembea, alipanda kilima. Alisimama mara tatu njiani kwa sababu ya mshono. Mokaya akamkimbilia amchukulie kifuko, akasema Kogo hajatoka nje tangu Jumatano, lakini aliposikia Tecla anakuja ameamka kupika mwenyewe, amekataa kusaidiwa.

Mama alikuwa mdogo kwenye kigoda chake. Lakini kimnyet ilikuwa pale, mlima mweusi unaotoa mvuke, na managu, na kibuyu.

Tecla hakungoja sala iishe vizuri. Akamega tonge, tonge la kweli, la kujaza kiganja, akalibonyeza kwa kidole gumba, akachota managu, akameza. Likapita. Akamega jingine. Alikuwa na njaa, njaa ya miaka miwili, na utamu wa wimbi ulimfikia mpaka masikioni. Akala bila kuficha, akala akimtazama mama usoni, leso imekunjwa mbele yake ili mama aone ni tupu. Akainua kibuyu akapiga mafunda, mursik ikambakia juu ya mdomo. "Unaona, mama?" akasema, mdomo umejaa. "Unaniona?"

"Nakuona," mama akasema.

Alikuwa hatabasamu. Alikuwa amekishika kifua.

Tecla akapapasa kifuko, akatoa chupa, akamwekea kiganjani. "Huu hapa. Ule mpira niliokwambia. Wameutoa, mama. Kwisha."

Mama akaigeuza chupa kwenye mwanga wa moto. Ule mduara ukagonga kioo, ti, ti. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya upole mno.

"Kipkurui naye walimtoa mipira. Wa pua na wa mkono. Nikamuuliza nesi, mbona mnamtoa? Akaniambia, mama, mpeleke nyumbani, mpe chochote atakachotaka kula." Akaiweka chupa chini, karibu na mafiga, kwa uangalifu. "Nikamleta. Akaketi hapo ulipoketi. Akala, Chepchirchir! Alikuwa hajala mwezi mzima, akala kama wewe hivi, akacheka, akaomba kuongezwa. Nikamshukuru Mungu kwa sauti. Ilikuwa Jumanne."

Kipkurui walimzika Ijumaa.

Tonge lilikuwa mkononi mwa Tecla. Alikuwa amesema ukweli ukawa hadithi. Ametoa mkanda, kumbe kwa mama kutoa ndiko kukata tamaa. Amekula, na kula kwenyewe kumekuwa kwaheri. Ambacho kingemwaminisha mama ni muda tu, miezi ya kumwona akinenepa polepole, na muda ndio pekee ambao mama hakuwa nao.

"Kula, mwanangu," mama akasema, akifuta macho kwa pindo la kanga. "Usinitazame. Kula, kinapoa."

"Basi kula na mimi, mama. Nakuomba. Mimi sili peke yangu."

Mama akasogeza kigoda, akanawa, akamega tonge dogo kutoka sahani ileile, akala. Akamega la pili. Wakala pamoja, wote wawili wanalia na kutafuna, mpaka mlima ule mweusi ukaisha na mama akakwangua chungu.

Kufikia Krismasi bawaba ya pili ya Shibe Hoteli ilikuwa inalia tena, na sindano za sukari zilikuwa kwenye mkebe juu ya kabati. Wateja walirudi mmoja mmoja, kwa aibu, wakiagiza chapati. Adoyo alikuja akakumbatia ule unene wote akaomba msamaha. Mzee wa kikombe akaacha kuja nacho. Tecla aliwapakulia wote, wala hakuwatania.

Lakini wakati wa mazishi ya mama, Tecla alikuwa bado mwembamba. Ilikuwa wiki tatu tu baada ya kile chakula. Watu walijaa bomani, wakalitazama jeneza, halafu wakamtazama yeye, na macho yalikaa kwake zaidi. Wazee walipokutana asubuhi kuuliza kaburi la Bot Kipkurui lichimbwe upande gani, Mokaya aliinuka, akachukua jembe, akazunguka nyuma ya nyumba. Hakuhitaji kung'oa hata shina moja.